Uyoga wa pleroti: kutoka njaa ya Ujerumani hadi majani ya maharagi ya Kivu

BUKAVU – Katika masoko ya Kadutu na Nyawera, uyoga una majira yake. Mvua zikianza kunyesha Septemba, wamama hushuka kutoka vijijini na vikapu vya uyoga wa kichuguu, na anayechelewa kufika sokoni hurudi nyumbani bila kitu. Mvua ikikatika, uyoga nao hupotea mpaka majira mengine.

Lakini kuna uyoga wa aina nyingine ambao hausubiri mvua wala kichuguu. Ni mweupe au wa kijivu, una umbo la sikio, na unaota kwa mafungu ubavuni mwa mfuko wa plastiki ulioshindiliwa majani makavu ya maharagi. Wakulima wanauita kwa jina la Kifaransa, pleurote, ambalo midomoni mwa watu limekuwa pleroti. Huko Tanzania wanauita uyoga wa chaza, au mamama.

Wanaousifu husema ni nyama ya maskini. Wengine wanauza unga wake kama dawa ya kisukari, ya presha, hata ya kansa. Katika jimbo la Kivu ya Kusini, ambako watoto wamekuwa wakivimba miguu kwa sababu ya lishe mbaya tangu enzi za mababu, maneno ya namna hiyo si ya kupokea hivi hivi. Mama akiamini kwamba uyoga ni nyama, anaweza kuacha kununua maharagi. Mgonjwa akiamini kwamba ni dawa, anaweza kuacha vidonge. Historia ya uyoga huu inasaidia kutenganisha kilicho kweli na kilichoongezwa sokoni.

Uyoga wa kuokota

Watu wa Kivu, wa Maniema na wa Katanga walikula uyoga karne nyingi kabla ya mtu yeyote kufikiria kuupanda. Uliopendwa kuliko wote ni ule wa kichuguu. Mchwa ndio wakulima wake: wanakusanya majani na vijiti, wanavitafuna, na ndani ya kichuguu wanajenga masega ambayo juu yake uyoga unakua. Mvua ikinyesha vya kutosha, uyoga huchomoza juu ya ardhi. Mtaalamu Mfaransa Roger Heim aliupa ukoo huo jina la Termitomyces mwaka 1942. Mmoja wa jamaa zake, aliyeandikwa rasmi mwaka 1980 kutoka Zambia, ana kofia inayoweza kufikia upana wa mita moja. Mtoto anaweza kujifunika nao mvua.

Hadi leo mwanadamu hajafaulu kuulima uyoga wa kichuguu kwa biashara bila mchwa. Ndiyo sababu bei yake hupanda na kushuka kama mvua inavyotaka.

Wakati wa ukoloni, Wabelgiji waliandika sana juu ya uyoga wa Congo. Maurice Beeli, aliyekuwa akifanya kazi katika bustani ya mimea ya taifa la Ubelgiji, alipokea uyoga na picha za rangi zilizochorwa humu nchini na Bi. Goossens-Fontana, na mwaka 1935 likatoka toleo la kwanza la kitabu kikubwa cha picha za uyoga wa Congo. Ni kazi nzuri kweli. Lakini kujua upi unaliwa na upi unaua kulikuwa tayari mikononi mwa wamama na wabibi waliokuwa wakiingia msituni na vikapu, nao hawakuandikwa majina. Ilichukua muda mrefu ujuzi huo kupewa nafasi yake. Kitabu cha mwaka 2017 juu ya uyoga unaoliwa wa Haut-Katanga kiliandikwa na De Kesel na Degreef, Wabelgiji wawili, pamoja na Mkongomani, Kasongo.

Ujuzi huo haurithiwi kwa nusu. Familia ikihama kijiji na kufika mahali ambapo udongo na miti ni tofauti, uyoga unaofanana na ule wa nyumbani unaweza kuwa wa sumu. Mbinu za kupima, kama kuweka sarafu ndani ya chungu na kutazama kama itageuka nyeusi, hazina ukweli wowote. Kuna uyoga unaoharibu ini ambao ni mtamu mdomoni, na maumivu huanza baada ya saa nyingi, wakati sumu imekwisha kuingia mwilini. Anayepanda uyoga kwa mbegu iliyotoka mahali pa kuaminika hukwepa hatari hiyo. Hiyo ni faida ya kwanza ya pleroti kwa afya, na ndiyo isiyotajwa kabisa.

Majira ya baridi ya 1917

Pleroti wenyewe ulijulikana Ulaya muda mrefu kama uyoga wa kuokota kwenye magogo. Jacquin, mwanasayansi wa Vienna, aliupa jina la kitaalamu mwaka 1775, akiufananisha na chaza wa baharini. Mwaka 1871 Paul Kummer akauweka katika ukoo wa Pleurotus, neno linalotokana na Kigiriki likiwa na maana ya sikio la ubavuni, kwa kuwa mguu wake hauko katikati ya kofia bali pembeni.

Hakuna aliyeona haja ya kuupanda mpaka ilipofika Vita Kuu ya Kwanza. Meli za kivita za Uingereza zilikuwa zimefunga njia za bahari kuelekea Ujerumani. Mwaka 1916 mavuno ya viazi yakaharibika, na katika majira ya baridi yaliyofuata watu wa mijini walikula mizizi mikubwa jamii ya figili ambayo kwa kawaida ilikuwa ya mifugo. Wajerumani wanayakumbuka majira hayo mpaka leo kwa jina la mzizi huo.

Vita hivyo hivyo vilikuwa vikitafuna watu wa huku pia. Mwaka huo wa 1916 majeshi ya Force Publique yalivuka kutoka Kivu kuingia maeneo ya Wajerumani, yakateka Tabora tarehe 19 Septemba. Nyuma ya askari walikwenda wapagazi kwa maelfu, na wengi wao hawakurudi. Vijiji vilivyopoteza vijana wake vilipoteza pia mikono ya kulima. Njaa ya vita haikuwa ya upande mmoja, ila ya huku haikupata wa kuiandika.

Ni katika hali hiyo Richard Falck, mtaalamu wa kuvu wa chuo cha misitu cha Ujerumani, alitoa mwaka 1917 maelezo ya jinsi ya kupanda pleroti juu ya visiki vya miti iliyokatwa. Visiki vilikuwa vimejaa msituni, na havikuwa na kazi. Falck hakutafuta dawa wala chakula cha kifahari. Alitafuta kitu cha kula kutokana na kile kilichoachwa kioze. Yeye mwenyewe alikuwa Myahudi, na baada ya Wanazi kushika madaraka mwaka 1933 alilazimika kuikimbia nchi aliyoitafutia chakula.

Siri ya uyoga huo iko katika tumbo lake, kama mtu anaweza kusema hivyo. Mimea ina kitu kigumu kinachoshikilia mti usimame, ambacho ng'ombe, mbuzi na binadamu hawawezi kukisaga. Nyuzi nyeupe za pleroti zinakisaga. Hata vinyoo vidogo vya kwenye kuni hauviachi: mwaka 1984 watafiti wawili wa Canada, Thorn na Barron, walionyesha kwamba unavipumbaza kwa sumu yake na kuvila. Pale kwenye kuni hakuna naitrojeni ya kutosha, basi unajitafutia nyama.

Kutoka kisiki hadi mabua

Kisiki huchukua miezi mingi kabla ya kutoa uyoga, na hakihamishiki. Mwaka 1958 watafiti wa Florida, Marekani, walieleza namna ya kuukuza kwenye unga wa mbao. Mwaka 1962, huko Mysore nchini India, Zakia Bano na mwenzake Srivastava wakauotesha kwenye mabua ya mpunga. Hapo ndipo mlango ulifunguka kwa watu wa nchi zenye joto. Mtu hakuhitaji tena msitu. Alihitaji mabaki ya shamba, maji ya moto na kivuli.

Wachina wakaufanya biashara kubwa. Katika hesabu zilizotolewa mwaka 2017, ukoo wa pleroti ulikuwa karibu moja ya tano ya uyoga wote unaolimwa duniani. Mchina Lin Zhanxi wa Fujian, katika miaka ya 1980, alibuni njia ya kutumia nyasi badala ya mbao ili miti isikatwe. Njia hiyo imefika karibu sana na Bukavu: mwaka 2011 kituo cha kilimo cha ushirikiano kati ya China na Rwanda kilifunguliwa Rubona, wilayani Huye, na kupanda uyoga kwenye nyasi ni moja ya mambo yanayofundishwa pale.

Kwamba ni chakula cha kigeni si neno. Muhogo ulitoka Amerika. Maharagi yalitoka huko huko. Hata sambaza, ambao leo mtu wa Bukavu au Goma hawezi kufikiria ziwa bila wao, hawakuwa wa Ziwa Kivu: waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950.

Bwaki

Upande wa Bushi, ugonjwa wa mtoto kuvimba uso na miguu, nywele kuwa nyekundu na ngozi kubanduka, unaitwa bwaki. Madaktari wa dunia waliujua kwa jina la kwashiorkor baada ya Cicely Williams kuueleza kutoka Gold Coast, Ghana ya leo, katika miaka ya 1930. Kivu ya Kusini ni moja ya mahali ulipochunguzwa zaidi. Taasisi ya utafiti ya IRSAC, iliyoundwa mwaka 1947 na kujenga kituo chake Lwiro, wilayani Kabare, iliufanya kuwa kazi yake, na hospitali ya watoto ya Lwiro imeendelea kupokea watoto wa namna hiyo kizazi baada ya kizazi.

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa neno moja: protini. Mtoto aliyeachishwa ziwa akapewa bugali ya muhogo na ndizi tu, hakosi kingine ila protini. Mashirika ya dunia yalitafuta protini kila mahali, kwenye unga wa samaki, kwenye soya, hata kwenye vijidudu vinavyokuzwa kiwandani. Mwaka 1974 daktari Donald McLaren aliandika katika gazeti la Lancet kwamba mbio hizo zilikuwa kosa kubwa: watoto wengi walikosa chakula chenyewe, cha kuwashibisha, na maradhi yaliwamaliza nguvu. Mpaka leo wataalamu hawaelezi bwaki kwa upungufu wa kitu kimoja tu.

Sifa ya pleroti kama nyama ya maskini ni mtoto wa mbio hizo. Wanaousifu husema una protini kati ya asilimia 20 na 30. Ni kweli, lakini hiyo ni hesabu ya uyoga mkavu. Uyoga mbichi ni maji kwa asilimia karibu 90. Gramu 100 za pleroti mbichi zina protini ya gramu 3 hivi. Gramu 100 za maharagi makavu zina zaidi ya 20. Ili kupata gramu 100 za uyoga mkavu inabidi kukausha karibu kilo nzima ya mbichi. Tena hauna mafuta, na nguvu yake ya kushibisha ni ndogo. Mama anayeuza guigoz ya maharagi ili anunue uyoga kwa ajili ya mtoto aliyedhoofika, huyo amedanganywa.

Maana yake si kwamba hauna kazi. Protini yake ni nzuri kuliko ya muhogo kwa mbali. Una vitamini za jamii ya B, una potasiamu, una nyuzinyuzi zinazosaidia tumbo. Ukikatwa vipande na kuanikwa juani, hutengeneza vitamini D, jambo ambalo mboga za majani haziwezi. Kijiko cha unga wake ndani ya uji wa masoso, ule wa mahindi, soya na sorgho unaojulikana katika vituo vya lishe vya Kivu, kinaongeza kitu na ladha. Kinaongeza, hakichukui nafasi ya soya. Na kwa mtu mzima mwenye uzito mkubwa au presha, sahani yenye uyoga badala ya nyama ya mafuta ni jambo la busara, mradi chumvi isizidi.

Juu ya dawa, kuna chembe ya ukweli iliyokuzwa. Mwaka 1995 watafiti wa Slovenia walipata ndani ya pleroti lovastatini, kitu kile kile ambacho maduka ya dawa huuza kwa kupunguza mafuta mabaya ya damu. Majaribio mengi yaliyofuata yalifanywa kwa panya. Kiasi kilichomo hubadilika kutoka uyoga mmoja hadi mwingine, na hakuna anayejua sahani yake ina ngapi. Mwenye kisukari au presha anaweza kuula kwa raha. Kuacha vidonge kwa sababu yake ni kucheza na maisha.

Jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi: pleroti hauliwi mbichi. Una protini inayoweza kupasua chembe nyekundu za damu, na moto huimaliza. Uchemke au ukaangwe vizuri kwa mawese, kitunguu na nyanya, au upikwe na karanga zilizosagwa.

Kazi ya mikono

Faida kubwa ya pleroti kwa Kivu iko mahali pengine: hauhitaji shamba. Familia iliyokimbia vita ikapanga chumba kimoja mjini haina shamba la maharagi wala itakalolipata kesho. Lakini maganda ya kahawa, mabua ya mahindi, majani makavu ya ndizi na unga wa mbao kutoka kwa maseremala vinatupwa au kuchomwa kila siku.

Kazi inakwenda hivi. Majani makavu hukatwa vipande vifupi, hulowekwa usiku mmoja, kisha huchemshwa au kupikwa kwa mvuke ndani ya pipa kwa saa mbili au zaidi, ili kuua kuvu nyingine. Yakipoa na kukaushwa kiasi kwamba ukiyakamua yatoe tone moja au mawili tu, hupangwa ndani ya mfuko kwa tabaka, tabaka la majani na tabaka la mbegu. Mikono lazima iwe safi kama ya muuguzi. Mifuko hukaa gizani wiki 2 hadi 4 mpaka iwe myeupe yote. Kisha hutobolewa, huwekwa mahali penye hewa na mwanga kidogo, na hunyunyiziwa maji mara kadhaa kwa siku. Mfuko hutoa mavuno mara 3 au 4. Kilo 10 za majani makavu, kazi ikienda vizuri, hutoa kilo 5 hadi 10 za uyoga mbichi.

Hali ya hewa ya Bukavu, karibu mita 1.500 juu ya bahari, inaupendeza. Wakulima wa nchi za joto kali hulipia umeme ili wapate ubaridi kama huo. Hasara iko kwenye kuni na makala ya kuchemshia, hasa wakati miti ya kando ya hifadhi ya Kahuzi-Biega inazidi kugeuzwa makala. Kuna wanaoloweka majani kwenye maji ya chokaa badala ya kuyachemsha, na matokeo yake si mabaya.

Tahadhari moja kwa wanaolala chumba kimoja na mifuko yao: uyoga uliokomaa hutoa vumbi jeupe jingi sana, na anayelivuta kila siku hupata kikohozi na homa, hata ugonjwa wa mapafu. Uvunwe kabla ukingo wa kofia haujanyooka, na dirisha liwe wazi. Mtoto mwenye pumu asilale humo.

Mbegu

Wengi wanaoanza hukwamia hapa. Mbegu ya pleroti si mbegu kama ya mahindi. Ni punje za sorgho au ngano zilizochemshwa kwa mvuke wa nyuzi 121, zikapandikizwa nyuzi safi za uyoga ndani ya chumba kisichoingiza vumbi. Inahitaji sufuria ya presha, mkono uliofundishwa, na umeme au gesi isiyokatika katikati ya kazi. Asiyeweza hayo hununua chupa kutoka kwa wengine, wakati mwingine kutoka mbali, na mpaka ukifungwa au barabara ikikatika, mifuko hukaa mitupu.

Mtu anaweza kuchukua nyuzi kutoka kwenye mfuko wake wa zamani na kupanda mwingine, na wengine hufanya hivyo. Inafaulu mara moja, labda mbili, kisha nguvu hupungua na ukungu wa kijani huchukua nafasi. Mafunzo mengi yanayotolewa kwa wamama huwapa mifuko iliyokwisha kuota, picha zinapigwa, na baada ya miezi mitatu mavuno yanaisha bila mtu kujua chupa nyingine itatoka wapi. Kikundi cha watu 20 wenye sufuria moja ya presha na kijana mmoja aliyefundishwa kutengeneza mbegu kina nafasi kubwa zaidi ya kudumu kuliko watu 200 waliogawiwa mifuko.

Majani yaliyokwisha kutoa uyoga yasitupwe. Ni mbolea nzuri kwa lengalenga na vitunguu. Na kwa anayenunua mbegu: chupa nzuri ni nyeupe tupu kutoka juu hadi chini na inanukia uyoga. Ikiwa na doa la kijani au jeusi, hata moja, au ikinuka uchachu, arudishiwe muuzaji pale pale.